Mbuzi wa Kaseti ya Mpira

Zamani zile za vita mtu wa Butembo aliponunua mchezo wa video aliweza kuutia mfukoni, kuuazima, kuuuza, kuurithisha na hata kuibiwa, na leo mjukuu wangu ananunua mchezo ambao hata mwizi hana pa kuushika. Alilipa kwa simu. Simu ikadondoka chooni, akanunua nyingine, akasahau neno la siri, na mchezo ukabaki huko ulikobaki. Nilimwuliza kwa nini hakuuuza mapema kwa jirani.

“Koko, hii hapana kitu ya kuuzisha,” akaniambia, na koko kwetu ni babu. “Nililipa tu juu ya kucheza.”

“Sasa ni ya nani?”

“Ya kampuni.”

“Na hiyo kampuni iko wapi, uipelekee kuku?”

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyeanza kuongea peke yake. Hajui kwamba katika mji huu watu wazima walipeleka kuku kwa ajili ya mchezo wa video, na mmoja wao, mtu wa serikali mwenye kalamu mbili kifuani, alipeleka mbuzi. Hajui kwa sababu hakumjua Kakule Siméon.

Siméon alikuwa Kakule, na kwetu jina hilo linaeleza habari nzima: mtoto wa kiume wa nne. Baba yake alikuwa na kipande cha kilima upande wa Lubero. Wa kwanza alipata bonde lenye maji, wa pili akapata kahawa, wa tatu akapata mawe na mikaratusi, wa nne akapata baraka. Siméon alishuka na baraka yake hadi Butembo, akawa mpakuaji wa malori ya tajiri mmoja aliyeagiza mali Dubai na kuipitishia Kampala. Vita vilipoanza mwaka wa tisini na nane, tajiri alihesabu hasara zake, akaona kwamba ndogo kuliko zote ni mshahara wa Siméon. Badala ya pesa alimpa katoni ambayo hakuna mteja aliyeitaka. Ndani mlikuwa na mashine mbili za Sega, za kuchezea michezo hiyo, na kaseti zake, zile za plastiki nyeusi zinazochomekwa juu ya mashine.

Alijenga kibanda cha mbao kando ya njia inayoshuka kilimani, kwenye ncha ya shamba la muzee Mathe Henri, mahali ambapo hata viazi vilikataa kuota. Mathe alimruhusu bila kudai kitu. Alisema jenereta ya kijana huyo itawafukuza nguruwe wa jirani. Watu wakaja kucheza mchana, kwa dakika, na waliokuwa na mashine nyumbani, iliyoletwa na mjomba fulani kutoka Kampala, wakaanza kuuliza kama kaseti zinauzwa.

Hapo ndipo Siméon alipoonyesha akili ambayo hakuna shule iliyompa, na wala hakuna shule ingeitaka. Kwanza, bei. Vijana wa leo wanadhani kitu kilichotumika kinashuka bei kama kiatu. Kwa Siméon kaseti mpya ndiyo iliyokuwa rahisi. Mpya ilitoka Kampala ikiwa na picha ya ndege za vita juu yake, ukiichomeka unakuta sungura anayeokota karoti. Mpya ilikuwa mashaka matupu. Kaseti iliyochezwa mwaka mzima na mtaa mzima ilikuwa na mashahidi. Ilikuwa kama shamba ambalo watu wamekwisha kuona maharage yakitoka. Kwa hiyo mtu alinunua mpya kwa dola chache, akaicheza, akaithibitisha, akaiuza ghali zaidi. Sijawahi kuona biashara nyingine inayowatajirisha watu kwa kukaa mbele ya televisheni.

Pili, sheria. Kwetu shamba halinunuliwi likaisha. Utalima, utavuna, utawaachia watoto, lakini yupo mtu aliyefyeka pori kabla yako, au mtoto wake, na kila mwaka utamkumbuka kwa mbuzi. Siku utakapoacha kumkumbuka, ndiyo siku atakapokukumbuka yeye. Siméon, ambaye hakupewa shamba, aliichukua sheria hiyo kama ilivyo na kuiweka juu ya plastiki.

“Kaseti ni ya kwako,” alimwambia kila mnunuzi mbele ya shahidi na chupa ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. “Cheza, azimisha, uzisha. Mais mimi njo nilikata pori. Kila mwaka, wakati ya maharage, utaniletea kuku. Ukiuzisha, umulete huyo mutu hapa, nimujue.”

Hakuna aliyeshangaa. Ungewaambia watu wa Ulaya jambo hilo wangetafuta wakili. Sisi tulitafuta kuku. Mama Kaswera, muuza samaki wa chumvi, aliwanunulia wanawe kaseti ya mbio za magari, na maharage yalipovunwa alikuja na kuku wake kwapani.

“Batoto yangu banapiga kelele sana na hii magari yako,” alimwambia Siméon. “Nilikuletea jogoo, akupigie na wewe kelele.”

Alibaki mpaka jogoo akaiva, akala mapaja yote mawili. Siméon hakula kuku hata mmoja peke yake. Na kwa kuwa kila aliyeuza alimleta aliyenunua, tulijua kila kaseti imekalia nyumba gani kuanzia Butembo hadi Beni. Kaseti ikiibiwa, mwizi hakuwa na pa kuipeleka. Serikali zilikuwa zinapishana mjini wakati ule, kila moja na mhuri wake, na kila mhuri ulifuta ule wa jana. Kuku wa Siméon hawakufutwa na yeyote.

Sasa, muzee Mathe alikuwa na binti, Kanyere Aurélie, mshonaji. Alikuja kibandani siku moja kumwita kaka yake aliyetoroka kazi ya kahawa. Akakaa kidogo kungoja mchezo uishe. Akaombwa ashike kidude cha kuchezea, akamfunga Siméon mabao matatu, akamrudishia kidude na kusema, “Patron, unachunga mbuzi za wengine tu, zako zinapotea.” Siméon alimaliza wiki nzima akirudia maneno hayo kama mtu aliyesifiwa. Kisha akanituma kwa Mathe kumposea binti, kwa kuwa nilikuwa jirani na nilikuwa na koti.

Mathe alinisikiliza akiwa anapembua kahawa. Hakuinua macho.

“Iko na shamba?”

“Iko na kaseti, muzee.”

“Nimeuliza shamba.”

Nikamweleza sheria ya Siméon: pori, kuku, kumtambulisha mnunuzi. Nilieleza vizuri, nadhani, maana alianza kutabasamu, na Mathe alikuwa mtu anayetabasamu kabla ya kukataa.

“Mutoto yangu atakula nini? Plastiki na chumvi? Kuku, hata muganga wa uongo analetewaka kuku. Shamba ni kitu ya mbuzi.” Akatupa punje mbovu. “Enda umuambie hivi. Siku mutu mukubwa, mutu wa serikali, hapana hawa batoto na bamama ya soko, atapandisha hii njia na mbuzi juu ya hiyo kaseti yake, siku ile nitaitika ni shamba. Na mutu wa shamba ninaweza kumupa mutoto.”

Nilimpelekea Siméon maneno hayo kama yalivyo. Nilidhani atakata tamaa. Aliuliza tu, “Amesema mutu wa serikali yoyote?”

Mtu wa serikali tuliyekuwa naye ni Benoît. Alitumwa kutoka jimbo lingine kabla ya vita, karani wa bureau, yaani ofisi, ya ardhi, mwimbaji wa kwaya, mtu safi. Vita vilimkuta huku, mshahara ukabaki upande ule mwingine. Kazi yake ilikuwa kuandika karatasi za viwanja, na aliamini karatasi kuliko alivyoamini kilima chenyewe. Alikuwa na Sega iliyoachwa na mgeni aliyekimbia, na jioni za Jumamosi alipenda mpira. Siméon alimuuzia kaseti ya mpira, yenye alama ya moto pembeni kama zake zote, iliyo bora kuliko zote, yenye mashahidi kuliko Biblia. Benoît hakunywa kasiksi, alikunywa Fanta. Siméon alipofika kwenye maneno ya kuku, Benoît alisema “oui, oui” kama watu wanavyoitikia sala wasiyoijua.

Maharage yakavunwa. Kuku hakuja. Siméon akavaa shati, nami nikavaa lile koti, tukaenda bureau.

“Mon petit,” Benoît akasema, “nilikulipa ou bien sikukulipa?”

“Ulilipa, chef.”

“Yote?”

“Yote.”

“Donc kaseti ni ya nani?”

“Ni ya kwako, chef.”

“Voilà.”

“Na kuku ni ya kwangu.”

Benoît akaweka kalamu chini. “Sikiliza. Mutu akilipa, c'est fini. Njo sheria. Njo sababu nakaa hapa. Wewe unataka niwe mupangaji ndani ya kaseti yangu?”

“Hapana, chef. Mupangaji anafukuzwaka. Wewe hakuna mutu atakufukuza. Unaleta tu kuku.”

“Hizo ni mambo ya bapagani.”

“Ni mambo ya maharage,” Siméon akasema kwa upole. Tukaondoka.

Muda mfupi baadaye Benoît alihamishiwa Beni, kwa maana utawala wa siku hizo ulikuwa umejipanga huko, na alibeba kaseti pamoja na sufuria zake. Nilimwambia Siméon kwamba mbuzi wake amekwenda na kwamba Aurélie ataposwa na mwenye kahawa. Yeye alikaa akikarabati kidude kilichokatika waya, akasema, “Papa, kaseti haitembeaki peke yake. Inatembeaka na jina yangu.” Nilifikiri hayo ni maneno ya mtu aliyeshindwa.

Yaliyotokea Beni nilielezwa na Virginie, mtu wetu wa Butembo aliyeolewa mtaa wa Bungulu huko Beni, jirani wa Benoît. Beni kuna joto na vumbi, si kama huku tunakovaa sweta mchana. Nyumba ya Benoît ilijaa askari wa kambi ya jirani, vijana wa mbali waliokuja kucheza mpira baada ya zamu, wakimlipa kwa sabuni na makopo ya nyama. Mwaka ule alikula kwa kaseti kuliko kwa bureau. Kisha siku moja kaseti ikachomekwa na televisheni ikabaki nyeusi. Wakaitoa, wakairudisha. Nyeusi. Benoît akaiombea. Nyeusi.

Virginie alikuwa anaanika nguo. Sajenti mmoja akamwuliza juu ya ua kama anajua fundi.

“Iko kaseti ya Siméon?” akauliza Virginie.

“Sijue. Ya muzee Benoît.”

“Ya mpira, iko na alama ya moto pembeni? Ni ya Siméon. Papa Benoît, kuku ulipeleka?”

“Kuku gani?” akasema Benoît, lakini kwa sauti ndogo.

Virginie aliniambia kwamba hakusema zaidi ya hapo. Aligonga tu viganja na kurudi kwenye nguo zake. Ilitosha. Wale askari, ambao walivuka mito chini ya risasi, waliokota kofia zao mmoja mmoja. Sajenti akasema, “Muzee, mambo ya udongo ya watu, tozobanga yango,” maana yake kwa Kilingala ni kwamba wanayaogopa, na hakuna aliyerudi ndani ya nyumba ile. Sabuni ikaisha. Makopo yakaisha. Kwenye kwaya watu walianza kusimama mbali naye kidogo, na yeye akaimba kwa nguvu zaidi, jambo ambalo halikusaidia.

Kwa hiyo siku ya soko, mchana kweupe, Benoît alishuka kutoka kwenye lori Butembo, kalamu mbili kifuani, akimvuta mbuzi jike mweupe. Huko Beni mtu alimwambia kwamba kuku aliyecheleweshwa hugeuka mbuzi. Hilo halimo katika sheria yetu hata kidogo, na sikuona sababu ya kumsahihisha. Mbuzi alikataa kupanda kilima. Benoît akamsukuma nyuma kwa goti, na soko zima likasimama kutazama serikali ikisukuma mbuzi. Mama Kaswera akamwelekeza njia bila kuulizwa. Mathe alikuwa juu, mlangoni kwake, na ungo wa kahawa mikononi.

“Petit,” Benoît akasema alipofika kibandani, jasho likimtoka. “Nilikosea. Kaseti yako, enfin, yangu, imefunga macho.”

“Karibu, chef. Kaa. Kunywa Fanta.”

Siméon alichukua kaseti na kupita nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa upande huo. Alilowesha kitambaa kwa kanyanga, ile pombe kali, akapangusa meno ya shaba chini ya kaseti mpaka vumbi la Beni likatoka jeusi kwenye kitambaa, akapuliza mara moja. Kisha akasubiri, akichungulia uwanjani, mpaka mbuzi afungwe kwenye nguzo na Mathe amalize kushuka. Ndipo akatoka, akaichomeka, na uwanja wa kijani ukatokea. Benoît akavua miwani na kuifuta.

Baadaye nilimwambia Siméon angeweza kumwelekeza mtu huyo apanguse tu.

“Papa, hakuniuliza namna ya kupanguza,” akasema. “Aliniuliza namna ya kuomba musamaha.”

Mathe alimzunguka mbuzi yule, akamtazama meno, akamtazama Benoît, akamtazama Siméon. Aurélie alisimama nyuma ya baba yake na utepe wa kupimia shingoni. Sote tulingoja.

“Nilisema,” Mathe akaanza. “Mutu wa serikali ameleta mbuzi. Basi hii ni shamba. Siwezi kurudisha maneno.”

Siméon akashusha pumzi.

“Lakini kama ni shamba,” Mathe akaendelea kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, “iko juu ya kilima ya nani?”

Sote tuligeukia kibanda. Kibanda kilikuwa kwenye ncha ya shamba lake. Kaseti zote, tangu ya kwanza, ziliuzwa hapo. Siméon alifyeka pori, ndiyo, lakini pori la Mathe.

“Mutu wa Beni amekumbuka mwenye kaseti,” Mathe akasema, akifungua kamba. “Mwenye kaseti anakumbuka mwenye kilima. Hii ni ya kilima. Mbuzi za mutoto zitafuata.” Akapanda na mbuzi, ambaye safari hii alitembea bila kusukumwa.

Aurélie alicheka mpaka akaketi chini. “Nilikuambia,” alimwambia Siméon. “Unachungaka za wengine.”

Walioana mwaka uliofuata. Habari za mbuzi wa serikali zilienea, wanunuzi wakaona aibu kuleta kuku, wakaleta mbuzi, na mahari ikakamilika upesi kuliko alivyotaka Mathe. Lakini kila mwaka, hata walipokuwa na mtoto, mbuzi mmoja alipanda kilima. Siméon alikuwa mume wa binti na mpangaji wa baba, na hakulalamika, kwa sababu ile ilikuwa sheria yake mwenyewe, na ni vigumu kulalamikia kitu ulichowafundisha watu kwa chupa ya kasiksi.

Kilichomshinda si Mathe. Ni sahani. Mwishoni mwa vita vile Kampala walianza kutuletea mashine za sahani, yaani za CD, na sahani zenyewe zilichomwa nakala, mia kwa siku, kwa bei ya soda. Ikikwaruzwa unaitupa na kununua nyingine. Hakuna aliyejua ilitoka wapi, hakuna aliyeiuza baada ya kuicheza, maana nani atanunua ya zamani wakati mpya ni soda? Mtu hawezi kumpelekea kuku mama aliyezaa watoto mia asubuhi moja. Vijana walifurahi sana. Walisema mchezo umekuwa wa watu wote. Nimeishi hadi kuona ulivyo wa watu wote: mjukuu wangu analipa, kampuni inabaki na kaseti, na hakuna anayekaa kula mapaja na mwenzake.

Kuku karibu wote waliacha kuja. Mathe hakuacha kuuliza mbuzi. Mwishowe Siméon na Aurélie walipata shamba la kukodi huko Kamango, karibu na mpaka wa Uganda, la udongo kweli, kwa mtu ambaye naye angekumbukwa kila mwaka kwa mbuzi.

Niliwaona Beni mara ya mwisho, asubuhi, mahali malori ya Kamango yanapopakia. Mimi nilikuja kwa msiba. Aurélie alikuwa juu ya mizigo, mtoto mgongoni, na kando yake beseni limefunikwa kwa kitenge. Nilijua ni kaseti kwa jinsi zilivyogongana.

“Kule hakuna hata umeme wa televisheni,” nilimwambia Siméon.

“Najua, papa. Lakini Mathe angesema nimeacha shamba bila mutu.”

Ndipo Benoît akatokea kati ya pikipiki, ameshika kuku miguuni, akimweka mbali na shati lake.

“Petit, ya mwaka huu.”

“Chef. Kaseti inacheza?”

“Mashine ilikufa zamani. Kaseti iko kwa sanduku.” Akampandishia Aurélie kuku. “Sasa nitakuwa napeleka wapi?”

“Kamango. Uulize mutu wa kaseti.”

Dereva akapiga honi. Lori liliposhika barabara ya Mbau, kuku alikuwa ameketi juu ya beseni, ametulia, Aurélie amemshika mabawa kwa mkono mmoja. Benoît alibaki barabarani, akiokota manyoya kwenye suruali yake ya kazi.